Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Taasisi Kubwa za Zanzibar: Kila Taarifa ya TEHAMA Ipewe Mwenyewe

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi, Makatibu Wakuu, Wakurugenzi Watendaji, na Maafisa Wadhamini wa Pemba.

KUH: KUAMINIKA KWA TAARIFA ZA MIFUMO YA TEHAMA KATIKA TAASISI ZENU

Assalamu alaykum.

Kwa heshima kubwa nawaandikia juu ya jambo lisilotajwa katika hotuba za uzinduzi wa mifumo, wala halina utepe wa kukata, ingawa ndilo linaloamua kama mifumo hiyo itatufaa au itatuumbua. Mifumo yenyewe nitaiacha. Nakusudia taarifa zinazoihusu: taasisi ina mifumo mingapi na kila mmoja unafanya kazi gani, umewekwa katika seva ipi, nani anaruhusiwa kuingia na nani ameshastaafu lakini mlango wake haujafungwa, mkataba wa matengenezo unakwisha lini, nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya taarifa, ilijaribiwa lini mara ya mwisho, mwongozo upi ndio unaotumika sasa, na huduma inapokatika, nani anawajulisha watumishi na wateja, na kwa maneno gani. Nimefanya kazi katika vitengo vya TEHAMA vya taasisi kubwa, Unguja na Pemba, kwa miaka ya kutosha kusema bila ya kusita kwamba taarifa za aina hii tunazo nyingi, na kwamba chache mno kati yake ndizo ambazo kiongozi anaweza kuzitegemea akatoa uamuzi asijute.

Chukueni swali jepesi kuliko yote: tuna kompyuta ngapi? Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia, bodi iliuliza swali hilo na majibu yakaja matatu, yote yamechapwa vizuri na yote yametiwa saini. Uhasibu ulihesabu zile ambazo thamani yake vitabuni haijamalizwa na uchakavu. Manunuzi walihesabu zote zilizowahi kuingia kwa zabuni, na kama ilivyo ada, hawakuwa na namna ya kujua zilizokufa. Kitengo chetu kilihesabu zilizoonekana kwenye mtandao wiki ile, kwa hivyo laptopu zilizokuwa majumbani na mashine za ofisi ya Pemba, ambazo kiungo chake kilikuwa kimekatika, hazikumo. Hakuna aliyesema uongo. Kila idara ilijibu swali lake yenyewe. Aliyekosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema kwamba katika daftari hili kompyuta ni kitu gani, inaingia lini, inatoka lini, na idara nyengine zote zichukue hesabu kwake. Kikao kiliahirishwa, timu ya uhakiki ikaundwa, ikapewa posho, ikahesabu upya chumba kwa chumba, na mwaka uliofuata hesabu ile nayo ikawa haifai, kwa sababu tulilipia kazi ya kuhesabu na hatukulipia kazi ya kutunza.

Huenda mkaona kwamba hayo ni mambo ya wahasibu na wakaguzi. Yaliyoikuta kampuni ya Equifax ya Marekani, inayokusanya taarifa za mikopo ya watu, yanaonesha vyengine. Mwezi wa Machi 2017 ilitangazwa hadharani kwamba programu ya kujengea mifumo ya tovuti iitwayo Apache Struts ina tundu la hatari, na marekebisho yake yalikuwa tayari yametolewa. Chombo cha serikali ya Marekani kikaitahadharisha kampuni, na kampuni nayo ikawatumia wafanyakazi wake barua pepe, ikiwataka waweke marekebisho hayo ndani ya saa 48 kama sera yao ilivyoagiza. Sera ilikuwepo, agizo lilitoka kwa wakati, na fedha hazikuwa tatizo. Lakini orodha ya majina ya wanaotumiwa tahadhari zile ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo ujumbe haukuwafikia waliopaswa kuufanyia kazi. Kampuni haikuwa na daftari kamili la mifumo yake ambalo lingeonesha programu ile imewekwa wapi. Na uchunguzi uliofanywa kwa mashine siku chache baadaye haukuigundua. Wadukuzi waliingia kupitia mfumo ambao wateja huutumia kupinga taarifa zilizokosewa, wakawamo ndani tangu Mei hadi mwisho wa Julai. Kifaa kilichowekwa kukagua mawasiliano yanayotoka kilikuwa hakioni kitu kwa miezi mingi, kwa kuwa cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Kilipohuishwa tu, wizi ukaonekana. Watu wapatao milioni 147 taarifa zao zilikuwa zimeshachukuliwa, na mkuu wa kampuni akaondoka mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Nawaomba mtazame vitu viwili katika kisa hicho: orodha ya majina na tarehe ya mwisho ya cheti. Kazi hizo mbili hazidai mtaalamu wa mshahara mkubwa. Ni kazi za masjala, na masjala tunaijua. Kabla ya kompyuta kuingia maofisini, barua iliyofika katika ofisi ya serikali hapa Zanzibar iligongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika daftari la kupokelea, ikapewa namba ya folio ndani ya jalada, na jalada likitoka kwenda kwa afisa, jina la afisa huyo liliandikwa. Karani hakuhitaji shahada kujua jalada liko mezani kwa nani. Nyaraka za Taifa pale Kilimani hadi leo zinahifadhi karatasi za enzi ya Masultani na za ubalozi wa Waingereza, na mtafiti akifika huziomba kwa namba akaletewa. Tulipohamia kwenye barua pepe na makundi ya WhatsApp tulipata kasi, na nidhamu ile tukaiacha nje. Siku hizi waraka wa kubadilisha utaratibu wa malipo unaweza kufika Wete ukiwa ni picha iliyopigwa kwa simu, haina tarehe, sehemu ya saini imekatwa, na imeshapita makundi matatu. Karani anayeipokea hawezi kujua kama ndiyo ya mwisho au kuna nyengine iliyoifuta, na Afisa Mdhamini anapopiga simu Unguja kuuliza, anayeipokea naye anaanza kupekua ndani ya simu yake.

Kuhusu huduma kukatika, Wazanzibari hatuhitaji kusomeshwa. Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha kwa karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilizorota nasi tumo. Kisiwani hitilafu hazikwepeki. Kinachoweza kukwepeka ni ule ukimya unaofuata. Mteja anayefika kaunta huambiwa kwamba mtandao hamna, na jibu hilo hilo moja hutolewa iwe umeme umekatika, kiungo cha Pemba kimeanguka, seva imejaa, leseni ya programu haijalipiwa au nenosiri la karani limefungwa. Karani hana kosa, kwani ndiyo taarifa pekee aliyopewa. Tangazo la maana hutaja kilichokatika, tangu saa ngapi, nani wameathirika na nani hawakuathirika, wafanye nini kwa sasa, na saa ngapi litatoka tangazo jengine hata kama hakutakuwa na jipya la kusema. Hilo la mwisho ndilo tunalolipuuza zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalojenga imani kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anayejua kwamba atapewa habari saa nane hapigi simu kila baada ya dakika kumi.

Kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, iliwahi kufanya jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa kazini. Walipokwenda kwenye njia zao tano za kuweka nakala, waligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani, na kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyengine kabisa. Yote hayo waliyaandika hadharani huku wakiendelea kuhangaika, kila mtu akisoma. Uwazi huo ni wa kusifiwa, lakini funzo kwa wajumbe wa bodi liko kwenye zile njia tano. Ripoti ya robo mwaka inaposema nakala rudufu zipo, bado hamjaambiwa kitu. Mtakuwa mmeambiwa kitu siku itakapoandikwa kwamba nakala ya mfumo fulani ilirejeshwa kwa majaribio tarehe fulani, ikachukua saa kadhaa, na fulani ndiye aliyethibitisha kuwa hesabu zimelingana.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao naogopa zaidi na ambao nitauchukulia nafasi. Taarifa isiyoaminika ikijulikana kuwa haiaminiki, hasara yake ina mpaka, kwa kuwa watu wataikagua. Hatari kubwa ni ile inayoaminiwa pasipostahili. Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kusambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ukawa unaonesha upungufu wa fedha ambao waendeshaji wa matawi hawakuuelewa. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwengine yeyote mwenye tatizo kama lao, wakatakiwa wafidie kutoka mifukoni mwao. Mahakama nazo ziliichukulia kompyuta kuwa iko sawa mpaka mshitakiwa athibitishe kinyume chake, na mshitakiwa hakuwa na njia ya kuziona kumbukumbu za ndani za mfumo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Ilikuwa Disemba 2019 pale Mahakama Kuu ilipotamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu wa aina hiyo, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 ili hukumu zile zifutwe kwa pamoja.

Sioni sababu ya kuamini kwamba jambo la namna hiyo haliwezi kutokea Mkoani au Mwanakwerekwe. Mtunza fedha anafunga hesabu jioni, mfumo unasema kiasi, droo inasema kiasi chengine, na tofauti inakatwa katika mshahara wake. Naomba kila mmoja wenu ajiulize: katika taasisi yangu, kabla ya fedha ile kukatwa, yupo mtu asiyekuwa na maslahi aliyepewa kazi ya kufungua kumbukumbu za mfumo na kutazama kilichopita siku ile? Na mtumishi huyo anao utaratibu ulioandikwa wa kupinga takwimu, ambao hauanzi na kutuhumiwa? Mkulima wa karafuu akiitilia shaka mizani kituoni, anayo haki ya kudai apimiwe tena mbele ya macho yake, na hakuna anayemwita mwizi kwa kudai hivyo. Takwimu ambayo haipimwi tena ikidaiwa haifai kuitwa sahihi, hata ikitoka katika mashine ya bei kubwa namna gani.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze ninachokiomba, nikianza na kilicho kizito. Kila mfumo na kila taarifa muhimu ipewe mwenye dhamana, kwa jina na cheo, pamoja na msaidizi wake, na dhamana hiyo iandikwe katika majukumu yake ya kazi na ipimwe wakati wa tathmini ya mwaka. Mwenye dhamana huyo asiwe kitengo cha TEHAMA isipokuwa kwa mambo ya TEHAMA yenyewe. Mfumo wa malipo ni wa Mhasibu Mkuu, orodha ya watumishi ni ya Utumishi, taarifa za wateja ni za idara inayowahudumia. Kitengo chetu kinatunza chombo. Ukweli wa kilichomo ni wa mwenye kazi. Nimeshuhudia kwa muda mrefu idara zikituachia sisi dhamana hiyo, na sisi tukiipokea kwa sababu inatupa ukubwa, matokeo yake kijana wa TEHAMA mwenye umri wa miaka ishirini na kitu ndiye anayeamua, usiku, peke yake, jina lipi kati ya mawili yanayofanana ndilo la mteja halisi.

Jambo la pili linafuatana na hilo: kila ukweli uwe na makazi mamoja. Edgar Codd, mtaalamu wa IBM, alionesha mwaka 1970 namna ya kupanga hifadhidata ili jambo moja lisiandikwe mara mbili, kwa sababu linapoandikwa mara mbili, siku moja nakala hizo zitapingana. Estonia, nchi ndogo yenye watu wasiofika milioni moja na nusu, imejenga serikali yake mtandao juu ya msingi huo. Tangu 2001 taasisi zake zinaulizana kupitia njia ya kubadilishana taarifa iitwayo X-Road, na sheria yao inakataza kuanzisha hifadhidata nyengine ya kukusanya taarifa zile zile. Sisi tuliohesabiwa watu 1,889,773 katika sensa ya 2022 hatuna ukubwa wa kuutolea udhuru. Lakini nendeni katika taasisi yoyote mkaulize orodha ya watumishi, mtapewa ya mshahara, ya mahudhurio na ya wanaoruhusiwa kuingia katika mifumo, na mtashangaa namna zinavyotofautiana. Mstaafu ametoka katika ya kwanza kwa sababu fedha inauma. Katika ya tatu anaweza kubaki miaka. Ikiwa orodha ya Utumishi ndiyo mama na nyengine zinaisoma hiyo, mtu akiondoka asubuhi mlango wake unafungwa siku ile ile, bila ya mtu kuandikiana barua na mtu.

Najua kwamba kabla ya wino wa barua hii kukauka atakuja mshauri na programu ya kuuza. Kuna taratibu nzuri za kazi hizi za kuendesha huduma za TEHAMA. Serikali ya Uingereza ilizikusanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la ITIL, na duniani kote zinafuatwa. Ushauri wangu ni kwamba msinunue chochote mpaka taasisi iweze kuorodhesha, katika karatasi moja, mifumo ambayo ikisimama siku nzima wananchi wataumia, na mbele ya kila mfumo pakawa na jina la mwenye dhamana, mahali ulipo, mzabuni wake, tarehe ya mwisho wa mkataba na tarehe ya jaribio la mwisho la nakala. Jadweli la Exceli linatosha kwa kuanzia, ingawa nalo lina mipaka yake: Oktoba 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu faili la aina ya zamani halikubali zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilidondoka kimya kimya. Orodha kama hiyo ibaki ndani, bila shaka, kwani haifai kuanikwa kwa wasiohusika. Ila isifichwe kwa anayeihitaji usiku wa manane kwa kisingizio cha usalama, maana huwezi kulinda usichojua kilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje na kudai zisahihishwe; shirika lenye wateja pande zote mbili za Muungano litamjibu vipi, kama halijui taarifa hizo zimo katika mifumo mingapi?

Kuhusu wazabuni nitasema kwa ufupi. Mkataba ambao haumlazimishi mzabuni kukabidhi michoro ya mfumo, miongozo na maneno ya siri ya usimamizi kabla ya kulipwa awamu ya mwisho umeikabidhi taasisi kwake. Wanasheria wenu wanaweza kuongeza kifungu hicho bila ya gharama yoyote.

Miongozo na matangazo yaandikwe kwa Kiswahili, na kila ukurasa uwe na jina la aliyeuandika, tarehe, na tarehe ya kupitiwa tena. Ikipita tarehe hiyo bila ya kupitiwa, uondolewe. Nimeona mwongozo wa kurasa nyingi wa Kiingereza uliotoka kwa mtengenezaji ukisambazwa kwa makarani ambao kazi yao yote, na wateja wao wote, ni wa Kiswahili, halafu ikaandikwa kwamba mafunzo yametolewa. Zanzibar, ambako lugha hii imepata usanifu wake, hilo halina utetezi, na Baraza la Kiswahili lipo kwa anayekwama kwenye istilahi.

Yote haya yana gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni watu: mtunza kumbukumbu za TEHAMA mwenye cheo cha kueleweka, muda wa wenye dhamana, na Mkaguzi wa Ndani atakayechagua mistari michache ya daftari kila robo mwaka akenda kuitazama kwa macho, Unguja na Pemba. Bajeti zetu hufungua mkono kwa vifaa na kuufumba kwa utunzaji, na nyinyi ndio mnaotia saini bajeti hizo.

Kwa hivyo, kabla ya kuidhinisha mradi wa mfumo mpya utakaofuata, nawaomba muagize karatasi ile moja iletwe mezani. Kisha mmoja wenu, kikao kikiendelea, apige simu kwa mtu wa kwanza aliyeorodheshwa humo, amuulize kama anajua kwamba mfumo ule ni dhamana yake.

Wenu katika utumishi,

Mtumishi wa TEHAMA,
Unguja.